Jeep ilifika Mpofi, barua yake ilibaki Japani



Kwa wiki kadhaa sasa mnaniuliza swali moja. Kwa nini jeep nyeupe ya muso wa wafanyabiashara wetu inatembea na kiti cha mbele kitupu, huku watu wa nyuma wamebanana kama maharagwe kwenye gunia? Wengine wamesema ni majivuno. Wengine wamesema dereva anawekea kiti mtu mkubwa anayemlipa pembeni. Mama mmoja aliyekimbia vita na watoto wake 4 aliniambia mbele ya mikrofoni kwamba gari la namna hiyo halina huruma. Leo najibu, na nikimaliza kujibu nitatoa maoni yangu, kwa sababu jambo hili halihusu jeep moja tu.

Jeep ile ilinunuliwa Goma. Wanachama wa muso, wauzaji wa maharagwe, viazi na mafuta ya mawese, walichanga karibu miaka 2 na wakalipa dola 7,500. Sisi tunaiita gari mpya. Ni mpya kwetu, maana ilikuwa haijakanyaga udongo wa Kongo. Lakini ilikwisha kutumika Japani zaidi ya miaka 12 kabla ya kupanda meli. Usukani wake uko upande wa kuume, kama magari mengi ya huku mashariki yanayotufikia kupitia Mombasa au Dar es Salaam.

Siku ilipofika tulishangilia. Mnaijua barabara ya Masisi-Walikale. Mvua ikinyesha, lori linaweza kulala kwenye matope siku nyingi, na hata wenye moto wanashuka na kusukuma. Kwa hiyo jeep inayopita matope ni gari la soko, ni ambulansi, ni gari la maiti, na siku mbaya ni gari la kukimbilia. Na ndani ya gari la namna hiyo tuna desturi yetu: mgonjwa anapewa kiti cha mbele. Mama mjamzito, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, wote hukaa mbele kando ya dereva, mahali pasipo na msukumano. Ni heshima. Mwandishi wa habari naye hupewa kiti kile, na mimi nimekikalia mara nyingi, mfuko wangu wa kazi magotini.

Baada ya miezi 2 hivi, taa ndogo nyekundu iliwaka mbele ya dereva ikakataa kuzimika. Ni ile yenye picha ya mtu aliyekaa, mbele ya kifua chake kuna kitu cha mviringo kama mpira. Dereva ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Akapiga picha ya taa, akapiga na picha ya kibati chenye namba ya shasi, akazituma kwa mpwa wake anayesoma Kampala. Mpwa akaiandika namba ile kwenye tovuti ya kiwanda. Jibu likaja kwa Kijapani, akalitafsiri kwa simu yake. Lilisema hivi: gari hili limeitwa lirudi kutengenezwa, mfuko wa hewa wa abiria wa mbele lazima ubadilishwe, kazi hiyo haijafanyika.

Mwito ule ulitolewa miaka mingi kabla muso haujajua kwamba jeep hiyo iko duniani.

Kaka alipanda kilima kutafuta rezo, akanipigia. Akaniambia, "Mdogo wangu, kile kiti tunachokalisha wagonjwa ndicho kibaya."

Mwito wa kiwanda ni nini

Tueleze kwanza, maana wengi hawajawahi kusikia jambo hili. Kiwanda kikigundua kwamba gari kilichotengeneza lina kosa linaloweza kuua mtu, kwa mfano breki, usukani, tangi la mafuta au mfuko wa hewa, kinatakiwa kutangaza kosa hilo, kuwaita wenye magari na kutengeneza bila mwenye gari kulipa. Hawaiti gari moja moja kwa kubahatisha. Wanafuata namba za shasi: kuanzia namba hii hadi namba hii, mleteni. Wanaosema Kifaransa huita jambo hilo rapeli.

Mwito mkubwa kuliko yote ya magari duniani ulihusu mfuko wa hewa, ule mafundi wanauita erbagi. Mfuko huo unakunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigonga, kemikali iliyo ndani ya kikopo cha chuma inawaka kwa kasi kuliko kupepesa jicho, gesi inaujaza mfuko, na uso wako unaangukia hewa badala ya chuma. Kampuni ya Kijapani iliyoitwa Takata iliuzia viwanda vingi mifuko hiyo, na ndani ya vikopo vyake ilitumia nitrati ya amonia. Joto na unyevu wa miaka mingi vinaiharibu kemikali hiyo. Siku ikiwaka, inaweza kuwaka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kikapasuka, na vipande vya chuma vikaruka kwenye shingo na uso wa mtu ambaye mfuko ulitakiwa kumlinda.

Honda ilianza kuita magari machache kwa kosa hilo mwaka 2008. Baadaye ikaonekana kwamba si machache. Marekani peke yake mifuko kama milioni 67 iliingia kwenye mwito, na duniani kote ilipita milioni 100. Huko Marekani watu wasiopungua 28 wamekufa na zaidi ya 400 wameumia. Malaysia nayo ilizika watu. Takata yenyewe ilitangaza kufilisika mwezi wa Juni 2017. Kwenye orodha za mwito huo kuna majina ambayo kila mtoto wa Goma anayajua: Toyota Corolla, Toyota RAV4, Toyota Vitz, Honda Fit, Nissan X-Trail. Si kila gari lenye jina hilo lina kosa. Inategemea mwaka na namba ya shasi.

Sitataja chapa ya jeep yetu wala jina la aliyeiuza, na sisemi kwamba mfuko wake ulitoka Takata, maana tafsiri ya mpwa haikufika huko. Lakini habari ya Takata ina jambo moja linalotugusa hapa. Ukaguzi wa Marekani ulionyesha kwamba hatari inakua mahali penye joto na unyevu, na inakua kadiri gari linavyozeeka. Ndiyo maana walianza na Florida na Puerto Rico kabla ya majimbo ya baridi. Sasa angalieni sisi tulipo. Ukishuka kutoka milima ya Masisi kuingia msitu wa Walikale, nguo haikauki kwenye kamba. Na gari linatufikia likiwa limepita miaka 10, 12, 15. Kwa hiyo mambo mawili yanayoiamsha hatari hiyo, unyevu na umri, tunayo yote.

Kwa nini barua haifiki

Nchini Japani mwenye gari anaandikiwa barua. Jina lake na anwani yake viko serikalini. Asipofanya lolote, anaandikiwa tena. Kuanzia Mei 2018 serikali ya huko iliamua kwamba gari lenye mfuko wa aina ya hatari zaidi, ambao haujabadilishwa, halitapita ukaguzi wa lazima. Maana yake ni kwamba halitembei barabarani kihalali.

Lakini gari likiuzwa nje, linafutwa kwenye daftari la Japani na kupewa cheti cha kusafirishwa. Toka siku hiyo, kiwanda hakijui liko wapi wala nani analiendesha. Likiwa na kosa ambalo halijatengenezwa, linavuka bahari na kosa lake, na barua inabaki kwenye anwani ya mtu ambaye hana gari tena.

Magari ya namna hii si machache. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lile lenye makao makuu Nairobi, lilihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje kutoka Japani, Ulaya na Marekani. Mengi kati yake yalikuja Afrika. Swali langu ni hili: kama gari haliruhusiwi kutembea Tokyo kwa sababu linaweza kumuua abiria, nani aliamua kwamba abiria wa Mpofi ni wa aina nyingine?

Milango mitatu ambayo kaka alibisha

Kaka hakukaa kimya. Alishuka Goma na karatasi yake mkononi.

Mlango wa kwanza ni wa aliyeiuza jeep. Jibu lake lilikuwa fupi: "Gari hii ilipita kiwandani, ikapita bahari, ikapita douane. Wewe wa kijijini ndiye umeona kosa?" Akaongeza kwamba mambo hayo ni ya Wazungu na Wajapani, ambao wakikatwa na wembe wanaita daktari.

Mlango wa pili ni garaji. Fundi aliangalia taa nyekundu akacheka. Akasema kwa dola 10 ataitoa ile taa, na hatutasumbuliwa tena. Ndugu zangu, nimesikia kwamba kazi hiyo inafanywa sana. Taa inatolewa, kosa linabaki, na mnunuzi anayefuata hata hana wa kumwonya. Fundi mwingine alisema atatafuta mfuko kutoka gari lililoanguka, auweke pale. Lakini mfuko uliotoka kwenye gari la miaka ileile unaweza kuwa na ugonjwa uleule, na hakuna anayeujua ulikotoka.

Mlango wa tatu ni nyumba inayouza magari mapya ya chapa hiyo. Pale walimpokea kwa adabu, wakampa kiti. Wakamwambia kwamba gari halikuuzwa na wao, kwa hiyo halimo kwenye kompyuta yao. Waandike kwanza, wasubiri jibu. Kaka aliacha namba ya shasi na namba ya simu. Mpaka ninapoandika, bado tunangoja.

Alirudi Mpofi. Wanachama wa muso walikaa kikao. Wengine walisema gari lisimame kabisa. Wengine wakauliza, likisimama, nani atalipa deni, na mama mwenye uchungu wa kuzaa atabebwa na nani, chukudu? Kikao kilidumu mpaka jioni. Mwisho walikubaliana hivi: jeep itatembea, lakini kiti cha mbele hakikaliwi na mtu, hata awe nani. Waliweka kartoni yenye maandishi ya makaa, wakaifunga kwa kamba: HAPA HAKUNA KUKAA.

Mimi nilidhani wanazidisha. Halafu nikasoma kwamba mwaka 2014, huko Marekani, Toyota ilipokosa vifaa vya kutosha kwa magari yaliyoitwa katika majimbo ya joto, iliamua jambo lilelile: garaji zake zizime mfuko wa abiria na kuweka tangazo kwamba mtu asikae pale mpaka kifaa kipatikane. Muso wa Mpofi, kwa kartoni na makaa, uliamua kama kampuni kubwa ilivyoamua. Tofauti ni kwamba kule kifaa kilikuja.

Usiku ule wa kukimbia

Sasa nifike kwenye jambo lililowakasirisha wengi. Mnaukumbuka usiku ambao milio ya silaha ilisogea na watu wakabeba magodoro. Jeep ilibeba watu 14 nyuma, pamoja na vyombo. Kuna mama aliyeletwa na mkwe wake, tayari ana uchungu. Watu wakafungua mlango wa mbele wamkalishe, kama desturi yetu ilivyo. Kaka akakataa. Akawaambia watu wa nyuma washuke wawili, mama alazwe nyuma. Wale wawili walikuwa vijana, walipanda moto baadaye wakafika salama, lakini walimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kiti cha mbele kilikwenda na mfuko wa unga na kuku mmoja.

Mama yule alijifungua vizuri. Sisemi kwamba kiti kingemuua. Jeep haikugonga kitu usiku ule, na huenda mfuko usingefunguka kabisa. Nasema tu kwamba dereva alijua jambo ambalo abiria hawakulijua, na alipaswa kuchagua gizani, watu wakimpigia kelele, kati ya heshima na usalama. Uchaguzi huo haukuwa wake. Ulikuwa wa kiwanda, wa aliyeisafirisha jeep, wa aliyeiuza, na wa wale waliochukua ushuru mpakani. Wote waliupitisha mkono kwa mkono, mpaka ukamwangukia mtu wa mwisho ambaye hana uwezo wa kuutatua.

Hayo ndiyo maoni yangu. Gari linapouzwa, mwito wake lazima uuzwe nalo. Anayepokea pesa ya gari apokee na kazi ya kuuliza kama gari hilo linaitwa.

Mtaniambia kuna shida kubwa zaidi

Najua mtakachosema, maana nimekwisha kuambiwa. Huku watu wanakufa kwa risasi, kwa kipindupindu, kwa njaa kambini. Wewe unatuletea habari ya erbagi. Wengi wetu hatuna hata baiskeli.

Ni kweli. Lakini nina majibu mawili. La kwanza, familia iliyokimbia ndiyo inayopanda gari la mtu mwingine, bila kuchagua gari wala kiti. Mwenye pesa anaweza kununua gari lingine. Mkimbizi wa ndani anapanda lililopo, na mtoto amempakata magotini. Kwa hiyo shida hii si ya mwenye gari peke yake. La pili, risasi hatuna uwezo wa kuizuia kwa simu. Hili tunaweza kulijua kwa simu moja, kabla ya kulipa dola ya kwanza. Nitaona aibu siku moja nikitangaza jina la mtu aliyekufa kwa kosa ambalo lilikuwa limeandikwa mahali fulani miaka 10 iliyopita, na mimi nilijua njia ya kulisoma.

Mnaonunua gari, fanyeni hivi

Kabla ya kulipa, ombeni namba ya shasi. Msiridhike na ile ya karatasi. Fungueni boneti, au angalieni kibati kwenye mlango wa dereva, mlinganishe na iliyo kwenye carte rose na kwenye karatasi za douane. Muuzaji akikataa kuonyesha namba, amekwisha kuwajibu.

Gari lililotoka Japani kwa kawaida lina namba fupi, herufi na tarakimu chache, kistari, halafu tarakimu nyingine. Hiyo inatafutwa kwenye tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya au Marekani lina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Katika namba hiyo ya 17 hakuna kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona kitu kama O, ni sifuri. Ukiona kitu kama I, ni moja. Nasema hivyo kwa sababu wengi mtaituma kwa sauti, kupitia ndugu wa Kampala, Nairobi au Bukavu, na kosa la herufi moja linaleta gari la mtu mwingine.

Kama gari limeitwa na halijatengenezwa, mna nguvu ya kupunguza bei au kuliacha. Baada ya kulipa, nguvu hiyo inakwisha.

Kama mlikwisha kulinunua, andikeni kwa nyumba ya chapa hiyo, mtunze nakala. Msimruhusu fundi kupiga nyundo wala kuchokonoa karibu na mfuko. Ndani yake kuna kitu cha kulipuka. Msikubali kutolewa taa. Wekeni kiti kitupu ikiwa ni cha abiria. Ikiwa kosa ni la upande wa dereva, siwezi kuwaambia muendelee kuendesha.

Na jambo moja kwa abiria wote, hata gari likiwa zima kabisa: msimpakate mtoto kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Mfuko mzima unafunguka kwa nguvu iliyopimwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto akae nyuma.

Na ninyi mnaochukua ushuru

Sitaingia katika siasa ya nani anakaa kwenye barieri leo na nani atakaa kesho. Namwambia yeyote anayesimama pale. Namba ya shasi mnayo. Bila namba hiyo hakuna karatasi ya douane. Kuitafuta kwenye orodha ya mwito kunachukua dakika chache na hakuhitaji kufungua hata boneti. Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ipo tangu 1974, na kazi yake ni kuangalia kama bidhaa inayoingia inafaa. Gari lenye mwito ambao haujafanyika halifai. Liandikwe hivyo kwenye karatasi zake, kwa herufi kubwa, ili mnunuzi wa mwisho aone.

Jirani zetu wameweka mipaka ya umri: Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 inakataa lenye miaka 15 na zaidi. Umri unasaidia, lakini hautoshi. Gari la miaka 6 nalo linaweza kuwa limeitwa. Mkitaka kuona wananchi wakisikilizwa, angalieni Afrika Kusini. Januari 2017 Ford iliita magari 4,556 aina ya Kuga baada ya kadhaa kuwaka moto barabarani. Haikuwa zawadi. Wenye magari walikuwa wamekusanya visa vyao, wakavipeleka kwenye tume ya serikali inayotetea wanunuzi, na kelele ikawa kubwa.

Sisi nasi tunaweza kukusanya. Kwa hiyo natoa pendekezo kwa redio za jamii za Masisi na Walikale, pamoja na ile ninayoifanyia kazi: mara moja kwa mwezi tupokee namba za shasi za magari yanayobeba watu kwenye barabara zetu. Wenzetu walio mjini wazitafute, na sisi tumjibu kila mwenye gari faraghani. Halafu tupeleke hesabu yote kwa nyumba za chapa na kwa OCC, ili wasiseme tena kwamba ni gari moja la mtu wa kijijini.

Nimekwisha kuanza. Nina namba 9 kwenye daftari langu. Moja ni ya jeep nyeupe.

Mpaka jibu lake lije, mkiiona inapita na kiti kitupu, msimtukane dereva. Na yule mama wa watoto 4 aliyeniambia gari lile halina huruma, nilimtafuta juzi nikamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yale magari mengine tuliyopanda kutoka kule, nani aliyaangalia?"

Sikuwa na jibu. Nileteeni namba.